Mlango wa Bi Kidawa

"Mimi moyo wangu ni zege," Mbaruku alitamba kwenye ngazi za ghorofa lao. "Simwamkii mtu asiyenipikia!"

Tambo hilo si mchezo, maana siku hizi mlango haufunguki asubuhi mpaka mtu wa nje akuamkie kwa jina lako. Usipoamkiwa, unashinda ndani, wewe na kitasa mkitazamana. Bi Kidawa wa ghorofa ya nne, mgeni asiye na ndugu, alishinda hivyo siku tatu, akisikia harufu tu ya vitumbua vya wenzake.

Siku ya nne Mbaruku, huyo huyo wa zege, alivua viatu akapanda kwa kunyata kama mwizi wa kuku.

"Shikamoo, Bi Kidawa! Umeamkaje?"

Kitasa kikalia. Bibi akatoka na kanga mpya, anang'aa kama bi harusi. Tangu hapo Mbaruku alipanda kila asubuhi, na kila akishuka alitamba upya.

Leo kapanda, kaamkia, lakini kitasa kimya. Kugeuka, jirani yao Mwatime kasimama na sufuria ya uji, anacheka mpaka uji unamwagika.

"Ahaa, bwana zege!"

"Nimepotea ghorofa, dada."

"Mwezi mzima? Kitasa chenyewe kimeshalia tangu alfajiri, nimemwamkia mimi. Namwambia atoke, hataki. Eti anamsubiri mjukuu wake."

Kutoka ndani ikaja sauti iliyosikika hadi ghorofa ya chini:

"Marahaba, Mbaruku wangu!"