Mapafu ya Niwael Ukutani

Enzi hizo kila mtu alipandikizwa kamera ndogo kifuani, na jamaa zake wakayaona mapafu yake yakipumua kwenye kioo cha ukutani. Tangu hapo Niwael, aliyeolewa Mwanza, aliacha kumpigia simu mama yake. Bi Namsifu alikula peke yake, akiyatazama mapafu ya bintiye yakijaa na kunywea.

Jioni moja yakaanza kurukaruka kwa kwikwi. Binti alikuwa analia. Mama akapiga simu mbio.

"Mwanangu, una nini?"

"Sina neno, mama. Si unaniona napumua?"

Simu ikakatwa. Bi Namsifu akajiuliza kama huko Mwanza bintiye naye huyatazama mapafu ya mama yake. Akabana pumzi makusudi, macho kwenye simu, mpaka kifua kikamuuma. Haikulia.