Mtutu Mkavu

Mama Ghala alichovya kitambaa kwenye mafuta, akakisukuma ndani ya mtutu kwa ufito hadi kikatokea upande wa pili. Kisha akakirudisha ndani tena. Bunduki hiyo ilikuwa inasubiriwa nje, na bunduki inayokwenda kazini haiachwi na mafuta ndani. Sheria hiyo aliiweka yeye mwenyewe.

Askari wote wa kituo waliijua. Alikuwa akitunza silaha zao tangu wengi wao wakiwa bado shuleni, nao walimtania kwamba mitutu yake ni misafi kuliko sufuria za majumbani mwao. Mtutu ukiwa na mafuta, aliwaambia kila mara, risasi ya kwanza haina adabu. Hii ya Kipanga, mlenga shabaha wao, ilikuwa korofi kuliko zote: ikiwa na mafuta, risasi ya kwanza ilikimbilia kulia, shubiri nzima. Ya pili ndiyo hutulia.

Leo ya pili haingepigwa.

Redio ya upepo mezani ilikuwa imeshasema yote. Ng'ambo ya barabara, juu kwenye ofisi za kiwanda cha nguo, kijana aliyefukuzwa kazi alikuwa amejifungia na meneja wake, bastola mkononi. Meneja alikuwa amekalishwa sakafuni, kwenye kona, mbali na dirisha. Kijana ndiye aliyekuwa akija kusimama dirishani kutukana. Mkubwa wa kituo alikuwa amechoka kubembeleza. Kipanga angepiga risasi moja, na mlio ukisikika tu, askari waliojibanza nje ya mlango wangeuvunja na kuingia.

Mama Ghala aliisikia sauti ya kijana huyo mara moja tu redioni. Ilimtosha. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na huyo alikuwa kitindamimba wake, aliyeondoka nyumbani kwa hasira na hakurudi. Pale kituoni hakuwahi kukanyaga. Walimjua kwa picha tu, ile iliyokaa mezani kwa mama yake, na hiyo alikuwa ameshailaza kifudifudi. Angethubutu kusema ni mwanawe, wangemwondoa ghalani na bunduki ingesafishwa na mtu mwingine.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi. Risasi ingepiga ukuta, mtoto angeshtuka na kulala chini, wangemtia pingu. Angefungwa, naye angempelekea nguo na sabuni huko huko. Jela watu hutoka.

Kipanga aliingia bila kubisha. Alimwita mama tangu wiki yake ya kwanza kazini, na hakuwa akitania. Zamani alikuwa na tabia ya kuinua mtutu kwenye mwanga na kuuchungulia kabla hajaipokea bunduki, mpaka Mama Ghala akamuuliza kama anamwona mchafu. Tangu hapo aliacha.

Leo alisimama akiitazama ile meza, pale picha ilipolala kifudifudi.

"Ni kavu, Mama?"

"Lini nimekupa yenye mafuta?"

"Leo nataka iende pale pale ninapoielekeza. Ikipotoka hata shubiri moja, sitajisamehe."

Mama Ghala aliinua bunduki kutoka mezani. Miaka yote hiyo amemlea huyu, na leo amwone hivi, mtu mwenye kiu ya damu. Alimchukia, na chuki hiyo ikampa nguvu ya kumkabidhi bunduki. Kipanga aliipokea bila kuichungulia. Mlangoni aligeuka kana kwamba ana neno, akalimeza, akaenda zake.

Mama Ghala alimfuata hadi kwenye kamba ambayo askari walikuwa wameifunga barabarani, akasimama nyuma ya watu. Juu kule, kichwa cha mwanawe kilikuja dirishani. Mlio ukapasuka, mmoja, halafu kishindo cha mlango, halafu kimya. Akamshukuru Mungu kwa sauti, na mwanamke aliyesimama kando yake akamgeukia kwa mshangao.

Meneja alitoka kwanza, akitembea kwa miguu yake. Nyuma yake ikaja machela, shuka likiwa limefunika hadi usoni. Viatu ndivyo vilivyobaki nje. Mama Ghala ndiye aliyemnunulia.

Watu wakampisha Kipanga, aliyekuwa ameshuka kutoka juu ya paa la jengo linalokabili kiwanda. Bunduki ilikuwa ikimburuta mkono. Alipofika mbele ya Mama Ghala, aliilaza chini.

"Nilimjua, Mama, kwa ile picha," alisema. "Nililenga ukuta. Shubiri moja kando yake, kushoto kwangu."