Alama za Kisu

"Usiikandamize. Ukisimama pahala pamoja, inachimba," fundi alinikumbusha, akawasha mashine ya msasa.

Ilinguruma na kunivuta mbele kama mbuzi aliyekata kamba. Mbao mbili nilikuwa nimeshazitia mashimo. Nikiharibu ya tatu, narudi kukaa nyumbani.

Ya tatu ilikuwa mlango wa kabati, wa mvule, uliotolewa kwenye nyumba moja ya Shangani ambayo wenyewe waliihama baada ya Mapinduzi. Upande wa nje niliufanya vizuri. Mashine ikaanza kunisikia.

"Ehee! Kumbe unaweza," fundi alicheka. "Haya, geuza."

Nikageuza. Kwa ndani palikuwa na mikato ya kisu, miwili miwili, kila jozi juu ya nyingine. Ilikuwa yetu, mimi na Shemsa, mtoto wa nyumba ile. Tukipimana urefu pale, mama yangu akipika jikoni kwao. Jozi ya juu kabisa ilikuwa ya mwaka walioondoka. Hata kuagana hatukuagana.

Nikaiteremsha mashine. Nilipopita mara ya tatu, jozi ya chini ilikwisha kufutika, imekuwa vumbi kwenye vidole vyangu.

Nikaizima.

"Vipi tena, bibie?"

"Nshamaliza, fundi."

Akaja. Yeye hupima ubao kwa kiganja, macho kafumba. Kiganja kikapanda polepole kutoka chini, kikiteleza, kikiteleza, kisha kikasita.

"Hapa," aliuliza, macho bado kafumba, "pana nini?"