Tela la Baba

Taa iliwaka papo hapo, na Fundi akachomoa waya kwenye betri haraka kama aliyeungua.

Haikutakiwa kuwaka. Kwa miaka mitatu nyumba nzima iliamini kwamba taa za breki za tela hili zilikuwa mbovu, na kwamba ubovu huo ndio uliomuua Baba. Siku ile ya mvua na ukungu walikuwa wanahama. Fundi aliendesha pikapu, tela likafuata, na Baba akakaa juu ya mizigo ndani ya tela akishikilia kabati lisianguke. Fundi alipokanyaga breki, dereva wa lori lililokuwa nyuma yao hakuona taa yoyote.

Taa hizo zilifungwa na mdogo wake, kitinda mimba wa Mama, aliyejifunza kazi kwa Fundi mwenyewe. Udongo wa kaburi haujakauka, akafukuzwa nyumbani.

"Niliziacha zinawaka," alilia siku ile. "Nilizijaribu kwa betri, kaka. Si unanijua?"

Fundi alimjua, lakini hakusema kitu.

Sasa Mama alikuwa kitandani, na daktari alishaacha kuzungumzia dawa. Asubuhi alimwita Fundi akamshika mkono.

"Mdogo wako kanipigia tena. Anataka kuja. Lile tela bado liko uani, kalipime. Kama si mkono wake, aje leo leo. Ila kiapo changu unakijua: aliyemuua mume wangu hatanizika."

"Si afadhali tumwite fundi mwingine, Mama?"

"Wa nini? Wewe hujawahi kunidanganya."

Basi akalipima. Upande wa kulia ulikuwa umepondwa na lori, wa kushoto ulikuwa mzima. Alitingisha kila kiungo, taa ikawaka. Akagonga vyuma kwa nyundo kuiga barabara yenye mashimo, ikawaka. Akamimina maji kopo zima, maana siku ile ilinyesha, na bado ikawaka. Viungo vyote vilikuwa vimechomelewa kwa risasi ya kulehemu na kuviringishwa utepe mara mbili, vile vile alivyomfundisha. Fundi alijikuta anatabasamu. Hata yeye asingefunga vizuri zaidi, na mtu wa kazi kama hii ameishi miaka mitatu akiitwa muuaji! Alimwonea huruma mdogo wake.

Lakini kama tela ni zima, mbona taa hazikuwaka?

Alirudisha pikapu kinyumenyume, akaunganisha plagi, akaegemeza mpini wa ufagio kati ya kiti na pedali ya breki ili ibaki imekanyagwa. Taa za pikapu ziliwaka. Ya tela ilikuwa giza tupu.

Fundi akaingia chini ya bampa. Soketi ya pikapu, inayopokea plagi ya tela, aliifunga yeye, asubuhi ile ile ya safari, huku Baba akiwahimiza kwamba mvua inakuja. Tangu hapo hakuwahi kuvuta tela tena. Aliufuata waya wa arthi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi ya gari, kwa kidole hadi kwenye boliti yake, akaona alichokifanya. Alikuwa ameukaza juu ya rangi.

"Kwangua mpaka uone chuma," ndivyo alivyomwambia mdogo wake mara mia. "Umeme ukienda lazima upate njia ya kurudi. Ukiunyima njia, taa haiwaki." Mwanafunzi alisikia. Mwalimu alikuwa na haraka.

Aliilegeza boliti, akakwangua rangi kwa kisu, akakaza upya. Nyuma, taa ya tela ikawaka nyekundu.

Kikulacho ki nguoni mwako. Fundi alilala pale pale chini ya gari akalia kimya kimya, akiuma mkono wa shati lake. Alimlilia Baba, akamlilia mdogo wake, akalia kwa sababu ya yote aliyoyanyamazia. Alipomaliza alijipangusa uso, akatoka, akasimama kuitazama taa ile. Sasa alijua ukweli, na hakuna mwingine wa kuusema ila yeye.

Pazia la chumba cha Mama lilikuwa limefungwa. Sauti yake ilipenya hata hivyo, nyembamba, yenye matumaini.

"Vipi, mwanangu? Nimwambie aje?"

"Subiri kidogo, Mama. Nakuletea jibu."

Akachukua plaizi. Akaukata waya wa tela, taa ikazimika. Akachota tope, akaipaka ncha ya shaba iliyokuwa inang'aa mpaka ikafanana na kitu kilichokatika miaka mitatu iliyopita, akakata kipande chenye ncha hiyo na kuingia nacho ndani kumwonyesha Mama kazi ya mdogo wake.