Kama Tui Lililokatika

Dawa ya baba niliikuta kwenye friza, imelazwa juu ya kambare.

"Si ulisema iwekwe kwenye baridi, Bualai? Nimeipa baridi ya kushiba," baba akasema.

Nikaishika viganjani mpaka ikayeyuka. Kule maabara ninakofanya kazi tuliifunga dawa hiyo ndani ya vifuko vidogo mno vya mafuta, viiachie polepole mapafuni mwake. Barafu ilikuwa imevipasua. Maji chini, mafuta juu, kama tui lililokatika. Na ndiyo chupa ya mwisho ya majaribio.

Baba alikuwa ameishusha khaen ukutani, ala yake ya kupuliza, anafuta vumbi la miaka miwili kwenye mianzi yake.

"Nikishavuta hiyo, nampigia marehemu mama yako wimbo wake."

Nikaificha chupa mgongoni.

"Piga kwanza, baba."