Pleti ya Nne

Fundi alivuta hendibreki, akaingiza gia ya tatu, akaachia klachi. Gari lenye klachi nzima hapo lingeshtuka na kuzimika. Hili liliendelea kunguruma tu, na harufu ya kuungua ikaanza kupanda miguuni mwake.

"Pleti ya klachi imekwisha," alisema. "Inateleza."

"Imekwisha tena!" Kaka yake aliipiga bodi ya pikapu kwa kiganja. "Ya tatu hii tangu mwaka uanze! Hebu niambie ukweli, mdogo wangu. Unanifungia pleti mpya, au unaniokotea jalalani?"

Aliyasema hayo mbele ya Mama, na ndipo palipouma. Gereji ilikuwa uani kwa Mama. Marehemu baba aliacha agizo kwamba kaka aiendeshe pikapu na mdogo mtu aitengeneze. Mzee alikuwa na wivu na gari lile, si mchezo. Aliapa kwamba mwanamke hataushika usukani wake, na hakuna aliyeushika mpaka anazikwa.

Mama alikuwa kitini barazani, akijichua goti la kushoto, miguu ikining'inia bila kugusa sakafu. Ni mfupi Mama, lakini akisema, nyumba nzima inasimama.

"Mwanangu, mimi vyuma sivijui," alianza. "Ila najua baba yenu pleti moja ilimchukua miaka tisa. Za kwako hazimalizi miezi miwili. Watu watasemaje?"

"Mama, pleti haifi kwa fundi. Inakufa kwa mguu wa dereva."

"Mguu upi? Kaka yako kaanza kuendesha jana?"

Kabla Fundi hajajibu, jogoo akawika kifuani pa Mama. Ilikuwa simu yake. Fundi mwenyewe ndiye aliyeinunua na kumwekea mlio ule, maana milio mingine Mama alikuwa haisikii. Aliitazama, akaikata, kisha akatoa hukumu.

"Ya nne ikiungua, funguo za gereji nampa fundi mwingine. Na kaka yako umwombe radhi, hapa hapa."

Jamani! Miaka kumi na minne yuko chini ya magari, mgongo umekauka, leo aombe radhi kwa kosa asilolijua. Akaomba. Kaka mtu alizipokea radhi zile huku anatazama viatu vyake.

Fundi alipoishusha giaboksi, mambo yakawa wazi. Pleti ilikuwa imeungua nyeusi tii. Beringi inayosukuma klachi ilikuwa imelika, kwa sababu kuna mtu anaweka mguu juu ya pedali safari nzima, hautoi. Dereva mzoefu hafanyi hivyo. Huo ni mguu wa mtu anayejifunza, ambaye anaogopa gari litamponyoka.

Halafu kile kiti cha dereva. Kilikuwa kimesogezwa mbele mpaka mwisho. Kaka yake ni mrefu kama mlingoti. Angekaa pale, magoti yangemfika masikioni.

"Kaka, nani mwingine anaendesha gari hili?"

"Nani tena? Mimi tu." Alijibu haraka mno, akajifanya anatafuta kitu mfukoni.

Alaa! Kumbe kuna kimwana. Mtu ana mke nyumbani, mke mwenyewe mwema, naye anazunguka na kimwana na kumfundisha gari. Hilo ni lake na mkewe. Lakini kummwagia unga ndugu yake wa tumbo moja, amwache aonekane mwizi mbele ya mama yao, ili siri ya kimwana isitoke? Fundi alifunga pleti ya nne akikaza kila nati kwa hasira.

Matairi ndiyo yaliyomwonyesha njia. Yalikuwa na vumbi jeupe la chokaa kwenye mifereji, na chokaa ya namna ile iko mahali pamoja tu, kwenye uwanja wa kiwanda kilichofungwa. Siku ya sita asubuhi, kaka yake aliaga kwamba anakwenda kubeba mbao. Mama alikuwa ameshatoka, amekwenda kliniki kuonyesha goti. Fundi akakodi pikipiki, akafika kiwandani, akajibanza nyuma ya ukuta.

Pikapu ilikuwapo. Iliruka kama chura, ikasimama, ikaruka tena. Injini ililia kwa sauti ya juu huku magurudumu yakijikokota, na ile harufu ikamfikia pale pale alipo. Pleti yake hiyo, ya siku sita, inachomwa mbele ya macho yake. Kaka yake alikaa upande wa abiria, kichwa nje ya dirisha.

"Achia polepole!" alikuwa akipiga kelele. "Polepole, nimesema!"

Jua lilipiga kioo cha mbele, na nyuma ya usukani Fundi aliona ncha ya kilemba tu. Mpaka dakika ile sehemu fulani ya moyo wake ilikuwa inaomba iwe amemsingizia kaka yake.

Basi na iwe. Leo Mama ataiacha hata hiyo kliniki, aje ajionee kwa macho yake ni nani mwizi katika nyumba hii, na yeye Fundi ataombwa radhi hadharani kama alivyoomba.

Pikapu iliruka mara ya mwisho, ikazimika. Uwanja mzima ukawa kimya. Fundi akatoa simu, akatafuta jina la Mama, akapiga.

Ndani ya pikapu, upande wa usukani, jogoo akawika.