Paa la Mwanamkasi

Sheria ya pwani ilitaka kila nyumba ibadilishwe bati kila baada ya miaka mitatu, na bei ilipangwa kwa hatua kutoka baharini: nyumba ikiwa karibu zaidi na maji, bei huwa kubwa zaidi. Afisa alipopima kwa Mwanamkasi, mshona makuti, bei ilikuwa imepanda maradufu.

"Mimi sikuhama, mwanangu," akasema. "Bahari ndiyo iliyohama."

Akang'oa bati lililoliwa na chumvi, akaezeka makuti yake mwenyewe.

"Mama, makuti hayatambuliki kisheria," afisa akasema. "Nyumba itafutwa kwenye ramani ya tahadhari, na hutapigiwa king'ora cha tufani."

"Ifute."

Siku ya tufani, kila nyumba ilipigiwa king'ora isipokuwa yake. Mwanamkasi alivisikia ving'ora vya majirani. Akakaza kamba za paa, akafungua mlango unaotazama bahari, akaketi kizingitini.